Kutoka na kinyago mtaani Mbeya na Iringa: kukitengeneza, kukivaa na kukivua kwa wakati

Kinyago cha kuchezea mtaani hakivaliwi nyumbani. Likikukaa hilo, utaona mengine yote yaliyomo humu, kuanzia idadi ya tabaka za karatasi hadi mpira wa kufungia, yanatoka hapo. Mtu anayetokea kona ya Mafiati, Mbeya, uso umeshafunikwa ni mtu asiyejulikana aliyejificha. Mtu huyo huyo akisimama kwanza uso wazi, akasalimia, kisha akavaa watu wakimtazama, ni msanii. Kinyago ni kile kile.

Maelezo haya ni ya vikundi vya sanaa, vijana wanaotangaza biashara wakiwa ndani ya midoli, walimu wanaoandaa igizo la shule, na yeyote anayetaka kutoka na vazi la ajabu katika miji ya Nyanda za Juu Kusini.

Watu wanaona nini

Newala, lipiko, yaani kinyago cha kuvaa cha Wamakonde, likitokea mtoto anakimbia lakini mama yake anacheka, kwa kuwa anajua ni la jando na limetoka wapi. Wamakonde wamelelewa na vinyago vya kuvaa. Ng'ambo ya mpaka, Wachewa wa Malawi, Zambia na Msumbiji wana Gule Wamkulu, iliyoingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2008. Huku kwetu mazoea hayo hayapo. Ing'oma ya Wanyakyusa, lizombe ya Wangoni, mganda wa watu wa Ziwa Nyasa, zote huchezwa uso wazi. Mganda ni ngoma ya mavazi hasa, nguo nyeupe zilizonyooshwa na mwendo wa gwaride, lakini hakuna anayejificha. Kwa hiyo ukifunika uso Mbeya au Iringa, hakuna mila ya kukukingia kifua. Watazamaji watakutafutia maana wenyewe, na maana zilizo karibu si nzuri.

Kuna hadithi za mumiani, za tangu enzi za mababu. Kuna hofu ya wachuna ngozi iliyotanda Mbeya na Mbozi miaka ya mwanzo ya 2000. Kuna mauaji ya watu wenye ualbino. Na mwanzoni mwa mwaka 2019 watoto waliuawa Njombe, jambo ambalo hakuna mzazi wa ukanda huu aliyelisahau. Sehemu ni uvumi, sehemu ni misiba ya kweli, na mama anayeokota jiwe hana nafasi ya kuchambua ipi ni ipi. Msanii anayemdharau mama huyo kwamba ni mshamba hajaielewa kazi yake.

Barakoa za mwaka 2020 zilibadilisha kitu kidogo. Kabla ya hapo aliyeziba mdomo alikuwa daktari, mgonjwa wa kifua au fundi wa kupuliza rangi. Siku hizi watu wamezoea kumsoma mtu kwa macho. Lakini kinyago hufanya kinyume: huficha macho, na hapo ndipo mazoea yanapokatika. Kama ni mara yako ya kwanza, tengeneza nusu uso, kuanzia paji hadi juu ya mdomo. Sauti itatoka wazi, meno yataonekana ukicheka, na kazi ya kueleza itapungua sana.

Ruhusa, kwa kifupi

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha mtendaji wa kata, kisha afisa utamaduni wa halmashauri. Kikundi kinachofanya kazi hizi mara kwa mara kijisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Kama mtatembea kwa msafara au kukusanya watu, polisi wapewe taarifa ya maandishi, na hesabu ya sheria ni saa 48 kabla. Ndani ya soko, uongozi wa soko nao una mamlaka yake, usidhani barua ya mtaa inatosha. Mkiwa mnatangaza biashara, ulizeni halmashauri habari ya ada ya matangazo, msije mkakamatwa kwa shilingi badala ya kinyago. Beba nakala mbili za barua zenye mhuri, moja kwa msimamizi, nyingine mfukoni mwa aliyevaa.

Vitu vitatu vinaweza kukupeleka mahakamani hata ukiwa na mihuri yote. Cha kwanza ni nguo za jeshi au zinazofanana nazo, pamoja na mabaka. Agosti 2023 JWTZ iliwapa raia siku saba kuzisalimisha. Cha pili ni nyara za serikali: ngozi ya chui, manyoya ya mbega, miiba ya nungunungu, manyoya ya mbuni. Kwamba babu alicheza ngoma navyo haikusaidii. Tumia ngozi ya mbuzi na manyoya ya kuku. Cha tatu ni hirizi, mafupa na vibuyu vilivyofungwa shanga, hata kama ni mapambo tu. Sheria ya Uchawi ni ya mwaka 1928 na bado ipo, na ukiacha sheria, kibuyu kimoja kiunoni kinatosha kuwageuza watazamaji wa Mwanjelwa, Mbeya.

Kalibu na karatasi

Kinyago cha mti ni kizuri ukutani. Kwa mtaani ni kizito, na kikirushwa au kikianguka kinaumiza mtu. Karatasi ni nyepesi, ikigongwa inabonyea, na ukibanwa unaweza kuikunja mbele ya watu wakaona ni karatasi. Faida hii ya mwisho usiidharau.

Kwa uso mmoja mzima andaa udongo wa mfinyanzi kama kilo 4, unga wa ngano kikombe kimoja cha robo lita, magazeti ya zamani, karatasi ya kaki, na mafuta ya mgando. Kaki nzuri kuliko zote ni ya mifuko ya saruji ya karatasi, ile migumu ya nyuzi ndefu kama inayotengenezwa Mgololo, Mufindi. Chukua tabaka la katikati la mfuko, likung'ute nje ya nyumba huku umeziba pua, ulipanguse kwa kitambaa kibichi, ulianike. Saruji iliyobaki kwenye karatasi hula ngozi ya uso ukitoka jasho.

Finyanga uso wa udongo juu ya ubao, ndiyo kalibu yako: urefu sentimita 24, upana 18, pua na mashavu yawe makubwa kuliko ya mtu. Usitengeneze mikunjo midogo, kwani karatasi itaimeza. Udongo usikauke, ukikauka unapasuka na kinyago kitabeba nyufa hizo. Ufunike kwa kitambaa kibichi kila unapoondoka. Kabla ya kubandika, pakaa mafuta ya mgando pote, hasa kando ya pua.

Uji wa gundi: koroga unga kwa kikombe kimoja cha maji baridi hadi mabuje yaishe, chemsha vikombe vinne vya maji, mimina ule mchanganyiko ndani huku ukikoroga, acha uchemke dakika mbili au tatu mpaka ung'ae. Upoe kabla ya kutumia. Ukilala siku mbili unachacha, kwa hiyo pika kidogo kidogo. Chumvi wengi huweka ili kuzuia ukungu, lakini chumvi huvuta unyevu na kinyago kitalegea siku ya mawingu. Wapo wanaotia mrututu, kwa kuwa wameona wakulima wa viazi na kahawa wakiutumia kuzuia magonjwa ya ukungu shambani. Mrututu ni sumu, na hiki ni kitu utakachopumulia ndani. Usitie.

Chana karatasi kwa mkono vipande vya upana wa sentimita 3. Usikate kwa mkasi: ukingo uliochanwa una nyuzi zinazoshikana, ukingo wa mkasi huacha mistari inayoonekana hata baada ya rangi. Tabaka la kwanza ni gazeti lililoloweshwa kwa maji matupu, bila gundi, ili lisishike kwenye kalibu. La pili ni kaki kwa gundi, la tatu gazeti, la nne kaki, endelea hivyo hadi saba. Kubadilisha rangi ya karatasi kunakusaidia kuona ulipopaacha wazi. Kila tabaka likae kinyume cha lililotangulia: hili wima, lile mlalo.

Tabaka mbili kwa siku zinatosha. Ukibandika saba kwa mkupuo, juu patakauka na ndani patabaki pabichi, na siku ya tatu utasikia harufu ya ukungu. Hali ya hewa ya huku ina mambo yake. Juni na Julai Mbeya na Njombe ni baridi kali lakini ni kavu, kwa hiyo kinyago kinakauka vizuri juani kuanzia saa nne, kwa siku tatu hadi nne. Desemba hadi Aprili hesabu wiki nzima, na usiku kikae juu ya jiko la kuni kwa mbali, mita moja au zaidi. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa usiuwashe kwa ajili ya kinyago, wala kwa ajili ya kitu kingine; watu hulala wasiamke.

Kujua kama kimekauka, kiweke shavuni. Kikiwa cha baridi bado kina maji, hata kama mkono hausikii. Kikikauka kibandue kwa kisu butu kuanzia kidevuni, pakaa gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu, ndani na nje, mara mbili. Piga msasa laini, kisha rangi ya maji. Vanishi ipakwe nje tu. Kikimalizika kisizidi gramu 400. Kikizidi, shingo itakuambia baada ya nusu saa.

Matundu ya macho ndiyo wanayokosea wengi, na kosa si ukubwa wa tundu bali umbali wake na jicho. Tundu la sentimita 3 likikaa sentimita 1.5 mbele ya jicho linakupa uwanja wa kuona wa nyuzi kama 90. Tundu hilo hilo likisogea sentimita 5 mbele, unabaki na nyuzi kama 33, yaani unaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kwa hiyo panda vipande vitatu vya sponji ya godoro ndani ya kinyago, kimoja paji la uso na viwili kwenye mifupa ya mashavu, vyenye unene wa sentimita moja na nusu. Hewa itapita, pua haitabanwa, na macho yatabaki karibu na tundu. Ukishavaa, angalia chini. Kama huoni vidole vyako vya miguu ukiwa umeinama kidogo, panua tundu kwa upande wa chini. Mitaro ya Sokomatola haina mfuniko kila mahali, na bodaboda hazipigi honi kwa ajili yako.

Mpira wa kufungia

Hapa ndipo usalama wako ulipo. Kinyago lazima kivuliwe kwa mkono mmoja, kwa muda usiozidi sekunde mbili, bila kuangalia. Kamba iliyofungwa fundo kisogoni ni hatari. Kofia ya kinyago inayoshuka hadi mabegani na kufungwa zipu nyuma ni hatari zaidi.

Kata tyubu ya baiskeli vipande vya upana wa sentimita 2. Upande wa kushoto upigwe mafundo mawili, usitoke. Upande wa kulia mpira uishie kwenye kitanzi kinachoshikwa na kifungo kikubwa cha koti kilichoshonwa nje ya kinyago, karibu na sikio. Kipande kingine kitoke katikati ya paji, kipite juu ya kichwa, kiungane na kile cha nyuma. Kidole gumba kikisukuma kitanzi, kinyago kinaanguka chenyewe kushoto. Jizoeze mara ishirini nyumbani, kisha mara ishirini umevaa glavu kama vazi lina glavu. Kipimo kizuri ni hiki: sema "Mimi Juma." Ukifika "Juma," uso uwe wazi.

Kwa midoli ya manyoya inayovaliwa mwili mzima, kichwa kikae juu ya mabega kwa uzito wake, kisifungwe popote. Ubaridi wa Mbeya hudanganya: mji uko mita 1,700 hivi juu ya bahari, jua la saa sita ni kali, na ndani ya manyoya ni tanuri. Dakika ishirini ndani, ishirini nje, na nusu lita ya maji kila unapotoka. Kichwa kinavuliwa nyuma ya pazia au ndani ya gari kwa ajili ya watoto, sawa, lakini watu wazima wa eneo hilo wawe wameshamwona aliyemo.

Vazi

Mitumba, vitenge vilivyochakaa, magunia ya viazi, salfeti zilizochanwa nyuzi: vyote vinafaa. Majani makavu ya migomba yanapendeza na Tukuyu hayanunuliwi, ila yanawaka kama petroli. Kaa mbali na majiko ya mishikaki na wavuta sigara.

Acha mikono wazi, na vaa viatu vyako vya kila siku. Watu wa mtaani husoma miguu. Mtoto atakayesema "hayo ni malapa ya kaka Elia!" amekufanyia kazi kuliko kipaza sauti. Kuhusu rangi za nguo, epuka nyeusi, nyekundu na nyeupe zikiwa pamoja kama shuka zilizofungwa begani. Ni mavazi ya mganga machoni pa wengi. Nyeusi tupu kuanzia kichwa hadi mguu nayo acha. Njano, kijani, bluu, michoro ya kitenge, hivi huleta kicheko kabla mtu hajauliza. Mwanamume aliyevaa nguo za kike ndani ya igizo lililotangazwa atachekesha. Akitembea hivyo peke yake kurudi nyumbani jioni, mambo ni mengine. Abadilishe pale pale.

Kinyago chenye ngozi nyeupe ya waridi na nywele za njano kisitoke. Watu wenye ualbino wa ukanda huu wameshateswa vya kutosha, na mchekeshaji hana haki ya kuongeza.

Kwa wale wa sanamu hai, wanaojipaka fedha au dhahabu na kusimama bila kupepesa: rangi ya kupuliza ya magari iishie kwenye kofia, nguo na viatu vilivyokwisha kukauka. Ngozini tumia mafuta ya mgando yaliyochanganywa na poda na rangi ya chakula, na yajaribiwe ndani ya mkono siku moja kabla. Petroli ya kusafishia uso ni ujinga ambao bado unaonekana.

Siku ya kutoka

Watu watatu ndio kiwango cha chini: aliyevaa, msimamizi, na anayepiga ngoma au filimbi. Ngoma inatangulia. Kinyago kikitembea kimya kinatisha, kikitanguliwa na ngoma ni mchezo unaokuja.

Nusu saa kabla, msimamizi apite kijiwe cha bodaboda. Hao ndio watakaofika wa kwanza ukelele ukipigwa, kwa hiyo wawe wa kwanza kujua. Awaulize pia kuna habari gani mtaani. Kama wiki hiyo kuna mtoto aliyepotea, msiba wa utata, au uvumi wa watekaji, ahirisha. Usibishane na uvumi ukiwa ndani ya kinyago. Kwenye wiki za kampeni nako, kila anayekusanya watu ana chama, apende asipende.

Saa nzuri ni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tano, au saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Baada ya hapo uso uwe wazi, kinyago kwenye mfuko. Usikaribie wakala wa pesa, benki wala mashine ya kutolea fedha, acha nafasi ya hatua thelathini. Usisimame lango la shule wakati wa kutoka. Hospitali na msibani ni marufuku. Barabara kuu ya Tanzam haichezewi kabisa, malori yanayoshuka Uyole hayana breki za kumstahi mtu aliyevaa uso wa fisi wa karatasi. Tunduma, kaa mbali na eneo la forodha. Pale kila mtu ni mgeni, na anayeficha uso anawapa kazi maofisa wasioitaka.

Kufika sehemu, simameni wote uso wazi. Msimamizi aongee hivi, au karibu na hivi:

"Shikamooni wazee. Mama zangu, habari za biashara? Sisi ni kikundi cha sanaa cha hapa Nzovwe, mwenyekiti wetu wa mtaa anatujua, barua hii hapa. Huyu kijana mnamwona? Anaitwa Juma, mama yake anauza maharage pale nyuma. Sasa hivi atavaa uso wa fisi, atacheza dakika kumi, atavua. Mtoto akiogopa, mama umwite tu, fisi atakaa chini."

Kinyago kishikwe juu, kizungushwe watu wakione hadi ndani. Mpe mzee mmoja akishike. Akikigeuza geuza na kusema "kumbe karatasi," umati wote umesikia. Kisha Juma avae polepole, akiwa ametazama watu, si amewapa mgongo. Iringa, fisi akisema "Kamwene!" kabla ya kucheza, nusu ya hofu huisha kwa kicheko, Mbeya jaribu "Ugonile!" hata kama matamshi yako ni ya kubahatisha. Fisi anayesalimia ni mtu wa watu.

Umati wa Mwanjelwa hujifunga haraka, dakika moja umezungukwa na huoni njia. Msimamizi achore duara la chaki la mita tatu, na aache mlango upande wa duka la mtu aliyezungumza naye mapema. Miomboni na Kihesa, kule Iringa, watu husogea taratibu, wanatazama kwanza wakiwa barazani. Usidhani hawajapenda ukaanza kuwafuata. Kumfuata mtu anayerudi nyuma ni kosa kubwa kuliko yote ya mchezo huu.

Watoto wa miaka miwili hadi minne ndio wanaoogopa zaidi. Angalia miguu yao. Anayekimbia hatua kumi kisha akageuka, anacheza. Anayesimama kama mti, macho yamekodoka na hajalia bado, huyo ameogopa kweli. Chuchumaa papo hapo, vua kinyago, kiweke chini, ongea naye bila kumsogelea. Akitaka kukigusa aje mwenyewe. Mbwa nao hawaelewi sanaa. Akibweka, msimamizi asimame katikati na mchezo usogee.

Mambo yakigeuka

Ukelele wa "mwizi!" au "mchawi!" ukisikika, hata ukitoka kwa mlevi mmoja, fanya haya kwa mfuatano. Vua kinyago mara moja, kinyanyue juu kwa mkono mmoja, mkono mwingine uwe wazi. Sema jina lako na la mtaa wako kwa sauti. Usikimbie, kwetu anayekimbia ameshakiri. Tembea kuelekea lile duka mliloafikiana, mgongo ukutani, ukae chini. Ngoma inyamaze. Msimamizi aite kwa majina watu anaowajua, "Baba Neema! Mama Tumaini! Njoo mseme!", kwa sababu umati hauna sikio ila mtu mmoja mmoja analo. Mjumbe na polisi wapigiwe wakati huo huo. Kinyago kikidaiwa, kitoe. Wakitaka kukichana wakichane.

Baadaye, siku inayofuata, rudini uso wazi kwa mwenyekiti kueleza. Msiporudi, hadithi itakayobaki ni ya yule mlevi.

Machizi wa mtaa

Kila mji una watu wake. Mmoja ana redio mbovu begani, mwingine anaongoza magari, mwingine amevaa makoti manne juani. Watu watasema "ametoka Milembe," wakikumbuka hospitali ya Dodoma, lakini mama ntilie anajua anakula nini na saa ngapi, na mpita njia akimsumbua wauza nyanya watamkemea. Ana uhuru ambao wewe huna, kwa kuwa anajulikana na hajifichi.

Ngoma ikilia atakuja. Mpe nafasi pembeni, acheze akitaka. Usimvishe kinyago, hata umati ukishangilia. Hatavua unapotaka, na ataondoka nacho hadi mahali ambapo hakuna msimamizi. Usimpe pesa ili achekeshe. Na usiige mavazi yake kwenye mchezo wako. Utapata kicheko kikubwa, lakini dada yake anauza mchicha hatua kumi kutoka hapo. Akikasirika, msogezee maji ya kunywa na punguza ngoma, mwache yule anayemjua aongee naye.

Ukitaka mhusika wa kichaa katika igizo lako, mbuni: mpe kofia ya sufuria, mpe wazimu wa kuhesabu mawingu, kitu ambacho hakuna mtu wa mtaa huo anacho.

Kukitunza

Ukirudi, futa ndani kwa kitambaa chenye maji kidogo ya siki, toa sponji, anika kivulini. Kisifungiwe kwenye mfuko wa nailoni kikiwa na jasho, kesho kitanuka. Gundi yake ni unga wa ngano na panya wanalijua hilo, kwa hiyo kitundike kwa waya katikati ya dari, si ukutani. Kigeuzie ndani ya chumba, si dirishani. Jirani anayepita saa mbili usiku na tochi ya simu hakuwepo wakati wa utambulisho.